Mkono wa Kushoto Kwenye Stempu ya Jambori

Kwanza kabisa, nendeni mkanawe. Nawajua ninyi. Mnakuja kwangu kutazama albamu mkiwa mmetoka kula chipsi za barabarani, halafu mnataka kufungua ukurasa wa stempu za jambori kwa kidole kinachong'aa mafuta. Hapana. Mafuta yakishaingia kwenye karatasi hayatoki, hata umlilie nani. Nimeuza stempu tangu nikiwa msichana mwembamba, Mbeya kwenye baridi, hadi nikawa bibi mstaafu hapa Iringa, na nimeshapigana na panya, mende na ukungu. Wote hao hawajanitia hasara kama kijana mwenye njaa.

Mmeniomba niandike, ninyi skauti mnaokuja kwangu Jumamosi, kwa sababu mnataka kujua bahasha zile za Idodi zilikuwaje hata wageni wanaziulizia mpaka leo. Nitaandika. Ila msitegemee nianze mwanzo niishie mwisho. Mimi ni mtu wa dirisha la posta, na dirishani kila mteja huja na lake.

Nilipoanza kazi, ulimi ulikuwa kitendea kazi. Mteja analeta barua, unachana stempu, unailamba, unabandika. Mchana ukifika mdomo mzima ni gundi, hata chai haina ladha. Aliyeniokoa ni Mzee Salehe, muuza vitenge wa pale Mbeya mjini, mtu ambaye wazee wake walipanda kutoka pwani na biashara. Alikuwa anakusanya stempu na sarafu za kumbukumbu. Siku moja aliniona nalamba, akaweka kofia yake kaunta akanitazama kama mtu aliyefumania mwizi.

"Binti, hicho unacholamba ni kitu cha watu. Chukua kisponji, kiloweshe, kiweke kwenye kisahani. Stempu iguse pale, basi."

Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi wake. Kila alipokuja kununua stempu mpya aliniachia somo. Stempu ishike kwa kibanio, si kwa kucha. Sarafu ishike ukingoni, usoni hapashikwi. Muhuri haupigwi kwa hasira: weka gazeti chini ya bahasha, ushushe muhuri wima, kandamiza kidogo, uinue wima vilevile. Makarani wengi hupiga muhuri kama wanaua nyoka, kisha tarehe haisomeki. Mimi muhuri wangu ulisomeka. Naringa, ndiyo, na nina haki ya kuringa.

Somo kubwa alilonipa lilikuwa la stempu zilizogandana. Mbeya mnaijua, mwezi wa sita nguo inakaa kwenye kamba siku nzima haikauki. Stempu zikipata unyevu zinashikana gundi kwa uso, shiti nzima, yaani karatasi ya stempu ambazo hazijachanwa, inakuwa kama mkate. Karani asiye na subira huzivuta, akabaki na vipande. Mzee Salehe alinifundisha kuchukua sufuria pana, maji ya uvuguvugu kidogo chini, kichanja cha vijiti juu yake, stempu juu ya kichanja, kitambaa kizito juu ya yote, kisha mfuniko. Halafu unakaa kitako. "Mvumilivu hula mbivu," alikuwa akisema, kisha anaagiza chai yangu na yake. Mvuke unalegeza, unaingiza kisu butu kwenye pembe, unaenda taratibu. Stempu inapona, gundi inakufa.

Kumbukeni hilo la gundi kufa. Tutalihitaji.

Sasa jambori. Nchi yetu ilipata bahati ya kukaribisha mkutano wa skauti wa mataifa mengi, na kambi ikawekwa Idodi, kwenye njia ya kwenda kuona tembo. Serikali ikatoa sarafu ya kumbukumbu, na stempu yenye picha hiyohiyo. Picha ilichaguliwa kwa mashindano ya shule, na aliyeshinda alikuwa skauti wetu wa Mbalizi, jirani na Mbeya, Atupele, binti mrefu asiyesema sana, ambaye alikuwa akija dirishani kwangu kuchungulia stempu mpya hata akiwa hana haja ya kununua. Alichora skauti wawili wanasalimiana, nyuma yao tembo na mto.

Mji mzima ulipaswa kupiga vigelegele. Shida ilikuwa mkono. Skauti wa Atupele walikuwa wanashikana mkono wa kushoto.

Ninyi ni skauti, mnajua kwamba hivyo ndivyo mnavyosalimiana dunia nzima. Lakini nje ya skauti, kwetu huku, mtoto akikupa chumvi kwa kushoto anarudishwa akaanze upya. Barua tu, mtu akiipokea kwa kushoto dirishani, aliye nyuma yake kwenye foleni anaguna. Na Atupele alilelewa na babu yake, Mzee Ambakisye, mtu wa kanisani, mnyoofu kama rula, aliyewafundisha wajukuu wote kupokea kitu kwa mkono wa kulia huku wameinama. Picha ilipotoka gazetini, majirani wakampelekea. Nasikia aliitazama, akalikunja gazeti.

Atupele alikuja kwangu akiwa amevimba macho.

"Mama Sekela, babu kasema barua yenye stempu ile hataipokea. Kasema ikija nimwambie postamasta airudishe."

"Na wewe ulitakaje?"

"Mi nilitaka barua ya kwanza kabisa, yenye muhuri wa siku ya kwanza, iende kwake. Ndo nilikuwa nachora nikiwaza hivyo."

Nilijisikia vibaya moyoni. Nilimwambia aandike barua yake hivyohivyo, na kwamba mimi ndiye nitakayekuwa na dirisha la muda pale kambini, na barua yake itakuwa ya kwanza kupigwa muhuri. Ya babu tumwachie Mungu.

Mniruhusu niwachekeshe kidogo hapa. Kikosi cha Mbalizi kilipewa zawadi sarafu moja ya jambori kwa heshima ya Atupele. Skauti kwa kung'arisha vitu! Chuma cha mkanda, filimbi, kengele ya shule, vyote lazima ving'ae. Basi wakaichukua sarafu, dawa ya kung'arishia vifungo, kitambaa, na zamu. Kila mwenye zamu anasugua. Waliponiletea niione, tembo alikuwa hana pembe, na ile mikono miwili imekuwa donge moja kama andazi. "Mama, si imetakata?" Nilicheka hadi nikashika kaunta, kisha nikatamani kulia. Sarafu ya kumbukumbu haisuguliwi, wajukuu. Si kwa dawa, si kwa majivu na limau, si kwa pindo la kanga. Ule weusi unaouona ni umri wake, nayo ina haki ya kuzeeka.

Kwa bidii hiyohiyo ya skauti, wakaja kuniua na stempu.

Siku ya kuteremka Idodi, mimi nilikaa mbele kwenye lori la kikosi, muhuri wa siku ya kwanza nimeukumbatia kwenye mkoba. Kifurushi cha stempu kilikuwa nyuma, kwenye sanduku. Tulipopita Makambako jua likaanza kupenya, na vijana wakahofia stempu zitaungua. Wakafanya kikao huko nyuma, wakazitoa sandukuni, wakazipanga katikati ya mahema yaliyokunjwa, mahali pa kivuli kizuri. Mahema hayo waliyakunja Mbeya alfajiri, yamelowa ukungu chepechepe.

Asubuhi ya ufunguzi nafungua kifurushi, nakuta tofali.

Kiongozi wa zamu alisimama wima kabisa akanipa taarifa: "Mama, tumezilinda zisipigwe jua!"

Ningemfokea, lakini uso wake ulikuwa umejaa fahari. Nje ya hema la posta foleni ilishaanza, skauti wa kila rangi, kila mmoja na barua ya kwao. Na muhuri wa siku ya kwanza, kama jina lake, una siku moja tu. Jua likizama unafungwa na kurudishwa makao makuu. Barua isiyopigwa leo, kesho ni barua ya kawaida. Atupele alikuwa wa kwanza kwenye foleni, bahasha mkononi, ameikaza kifuani.

Na nani alikuwa ameketi kwenye viti vya wageni, ndani ya koti la suti kwenye joto la Idodi? Mzee Ambakisye. Mwaliko wa familia ya mchoraji ulimfikia, naye hawezi kuudharau mwaliko. Nilipokwenda kumsalimu alinijibu kwa adabu, akasema, "Nimekuja kwa sababu ya mwaliko. Picha ni jambo lingine." Basi nikajua tutakuwa na siku ndefu.

Ofisi kuu ya posta ilikuwa imemtuma Bwana Chuwa kusimamia uzinduzi. Nilimwonyesha lile tofali. Alilegeza tai, kisha akaniuliza swali ninalomheshimia mpaka leo: "Mama Sekela, unahitaji nini?"

"Sufuria zote za jikoni," nikamwambia.

Jikoni walikuwa akina mama wa Idodi. Niliingia na "kamwene", salamu yao ya Kihehe, kwa lafudhi yangu ya Kinyakyusa, wakanicheka, wakanipa masufuria mapana ya wali. Tukapanga vichanja, tukafunika kwa mataulo ya skauti, na Bwana Chuwa mwenyewe akawa mtu wa kupunguza kuni. Mvuke ulipolegeza, nikaingiza kisu butu. Pembe ya kwanza ikaachia. Nikasikia Atupele akivuta pumzi nyuma yangu. Shiti ya kwanza ikatoka nzima, mikono miwili ya kushoto ikatutazama, haina hata mkwaruzo.

Hapo ndipo skauti waliponirudishia furaha. Wakafunga kamba kutoka hema hadi hema, kwa mafundo yao yale, shiti zikaanikwa kwa vibanio vya nguo. Upepo mkavu wa Idodi ukafanya kazi kuliko feni. Mngepita pale mngedhani tembo wamefua. Nilimtazama yule kiongozi wa zamu, nikamwambia, "Haya, sasa zipige jua." Kambi nzima ikaangua kicheko, yeye akiwa wa kwanza.

Lakini zilipokauka, nikageuza nyuma nikapapasa kwa kidole. Laini kama karatasi ya kawaida. Gundi ilikuwa imekufa yote. Bwana Chuwa akauliza kama kuna gundi dukani. Vijana wakakimbia, wakarudi na vichupa viwili vilivyokauka. Foleni ilikuwa imezunguka mlingoti wa bendera, na jua lilikuwa limeshavuka utosi. Nawaambieni ukweli, niliogopa. Niliona ile stempu, ya kwanza kutoka Mbalizi yetu, ikizinduliwa bila kubandikwa hata kwenye barua moja. Atupele hakulia. Alisimama tu palepale, na hilo lilinichoma zaidi.

"Mnaililia gundi gani?"

Tukageuka. Mzee Ambakisye alikuwa amesimama mlangoni mwa hema, koti kalivua, kalikunja mkononi.

"Vitabu vya nyimbo vya kanisa letu," akasema, "nani anavifunga mgongo? Ni mimi. Miaka yote hiyo nimeshawahi kwenda dukani kununua gundi? Leteni unga wa ngano. Na mtu akanichumie mwarobaini."

"Mwarobaini wa nini, babu?" akauliza Atupele.

"We unataka mende wale kitabu cha Mungu? Uji mtupu wanaupenda. Ukiwa mchungu wanapita mbali."

Sijaona mtu akipika kwa mamlaka namna ile. Alichemsha majani, akachuja maji kwa kitambaa, akaacha yapoe, akakoroga unga humo kwanza ukiwa baridi ili usifanye madonge, ndipo akarudisha motoni. Alikoroga upande mmoja tu, bila kupumzika, hadi uji ukaacha weupe ukaanza kung'aa. "Ukiona mwiko unaacha njia na njia haifungi, epua," alituambia. Akatengeneza brashi kwa unyoya wa kuku wa jikoni. Akaupaka nyuma ya stempu mwembamba mno, kama mtu anayebana mafuta ya taa. Andikeni hiyo kwenye madaftari yenu: uji mzito hupasua karatasi ukikauka, uji mwembamba hushika.

Nilitazama na kumtazama. Alikuwa anapaka mgongo wa stempu tu. Upande wenye picha aliulaza chini kila mara, bila kuugeuza. Alikuwa anamwokoa mjukuu wake, ila mikono ile bado hajaikubali.

Katikati ya kazi hiyo akaingia kijana mmoja mgeni, mrefu, shingo nyekundu kwa jua, aliyefundishwa Kiswahili cha kutosha kumtia matatani. Akasimama mbele ya mzee, akainama vizuri, akasema, "Shikamoo babu!" na papo hapo akamnyooshea mkono wa kushoto.

Heshima na tusi vimekuja kwa pamoja, na aliyevileta anatabasamu.

Mzee Ambakisye alimtazama usoni, akautazama ule mkono. Mkono wake wa kulia ulikuwa umejaa uji hadi kwenye kifundo. Akafanya tunavyofanya sote mkono ukiwa na uchafu: akamtolea kiwiko cha mkono wa kulia akishike. Kijana hakuelewa, akakishika kile kiwiko kwa mkono wake wa kushoto, kwa upole kama anashika kifaranga, akakitikisa. Akina mama wa jikoni wakacheka hadi wakakaa chini.

"Marahaba," mzee akasema. Kisha akamgeukia Atupele. "Huyu hana dharau. Ana macho ya adabu kabisa. Sasa kwa nini kushoto?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwuliza. Atupele alipiga magoti, kama alivyolelewa.

"Babu, tunaambiwa hivi. Zamani mtu wa vita alishika mkuki kulia, ngao kushoto. Akikupa kulia ameweka mkuki chini, lakini bado amejikinga. Akikupa kushoto ameiweka ngao chini. Anakwambia hata ukitaka kuniumiza, sina cha kujikinga nacho. Nakuamini. Na ndio ulio karibu na moyo."

Mzee alirudi kwenye uji wake. Lakini stempu iliyofuata aliigeuza, akaitazama picha kwa muda, ndipo akaipaka.

Tukaanza kubandika. Barua ya Atupele niliiweka ya kwanza, kama nilivyoahidi. Stempu ikakaa. Nikaweka gazeti chini, nikashusha muhuri wima, nikakandamiza, nikauinua. Kila herufi ya Idodi ilisomeka! Kambi ikapiga kelele mpaka nadhani tembo wa upande wa pili wa mto walisikia. Bwana Chuwa, afisa mzima, alirusha kofia ya mtu mwingine juu. Tukaendelea, bahasha kwa bahasha, mzee anapaka, Atupele anabandika, mimi napiga, na jua lilipogusa vilima hapakuwa na mtu kwenye foleni. Tulishinda, wajukuu. Kwa mvuke wa Mzee Salehe na uji wa Mzee Ambakisye, tulishinda!

Baadhi ya wageni walinyakua stempu zilizokwisha kupakwa, wakazilamba kwa mazoea ya kwao, wakakutana na mwarobaini. Mnaona zile nyuso kwenye picha ya pamoja iliyomo kwenye albamu yangu? Wengine mlidhani ni jua. Na leo ndizo bahasha wanazozitafuta wakusanyaji: za gundi ya kiwandani zipo za kutosha, za uji mchungu zilipikwa siku moja tu. Zangu hazijaguswa na mende hata mmoja.

Lakini hicho sicho ninachokihesabu ushindi wangu.

Kabla sijafunga mfuko wa barua, Mzee Ambakisye alikwenda kwenye ndoo ya maji. Akanawa mkono wa kulia kwa sabuni. Akausuuza, akaufuta kwa leso, kidole kimoja baada ya kingine, hadi ukawa safi kuliko mikono yote pale. Nikadhani sasa atatuaga kwa adabu zake. Akaja hadi dirishani kwangu.

"Mama Sekela, ile barua yangu isirudishwe," akasema. "Ikifika Mbalizi nitaipokea."

Kisha akageuka kwa mjukuu wake. Mkono wa kulia, safi, mkavu, akauweka nyuma ya mgongo. Akamnyooshea Atupele wa kushoto.

Binti aliushika kwa nguvu, akaanza kulia, na mimi nyuma ya dirisha nililia bila aibu, nikihakikisha tu machozi hayaangukii bahasha.

Basi njooni Jumamosi, albamu iko mezani. Mlangoni nitawapa mkono wa kushoto kila mmoja, kama Mzee Ambakisye. Lakini kama yeye pia, kwanza mnanawa.